Nimewapeleka watoto Kizimkazi kuona pomboo, nimerudi na aibu. Kuna boti zisizowakimbiza?

#1 MamaZuhura (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Naliweka hili hapa kwa sababu nimekaa nalo tangu Jumamosi na mume wangu amechoka kunisikiliza.

Tulivuka kwenda Unguja na watoto wawili pamoja na mdogo wangu aliyekuja likizo kutoka Leeds, Uingereza. Yeye ndiye aliyetaka pomboo. Tukaamka saa kumi usiku pale mjini, gari likatufikisha Kizimkazi jua ndo kwanza linachomoza. Pwani boti zimejipanga kama daladala za Mbagala, papasi, wale madalali wa wageni, kila mmoja anakuvuta upande wake. Tukapanda moja. Tulikuwa watu kumi na wanne, jaketi za kuokolea kumi. Zuhura ana miaka sita, akapewa la mtu mzima likamfika magotini. Baharia akacheka, akasema "si atakaa tu".

Tumeenda kama dakika ishirini, nahodha akapigiwa simu, akageuza boti. "Wamepatikana." Tulipofika nikahesabu boti kumi na saba. Pomboo wenyewe watano au sita, na mmoja mdogo kabisa kabanana na ubavu wa mama yake. Wakizama, boti zote zinanguruma kwenda pale wanapodhaniwa watatokea. Wakiibuka, mabaharia wanapiga kelele "Ruka! Ruka sasa hivi!" na watu wanajitupa na miwani na mapezi yao. Pomboo wanazama. Watu wanapandishwa. Tunakimbiza tena. Moshi wa mashine umetanda juu ya maji, mwanangu mkubwa akatapika.

Mara ya tano au ya sita Zuhura akaniuliza, "Mama, wamewakosea nini?"

Sikuwa na jibu. Mdogo wangu alizima kamera akakaa kimya mpaka tunarudi.

Tafadhali msiniambie "basi usiende". Nataka kurudi, wale wanyama niliwapenda. Ninachouliza: kuna watu wanaochukua wageni wachache na kwenda nao kistaarabu? Na nitawajuaje kabla sijatoa hela?

#2 Chalii_wa_Njiro

Dada ulilipa uone pomboo, umeona pomboo. Hasara iko wapi? Huku kwetu mbugani magari yanamzunguka chui mmoja mpaka humwoni chui unaona bonneti tu, na watu wanarudi kwao wamefurahi.

#3 MamaZuhura

Chalii, huko angalau gari linatakiwa libaki barabarani na chui anaweza kuingia kichakani. Pomboo lazima arudi juu kuvuta pumzi. Anarudi palepale ulipomsubiri.

#4 Nahodha_Mkunguni

Assalam alaykum. Bi mkubwa, pole, na Zuhura mwambie swali lake limenikaa. Mie ni nahodha wa hapa Kizimkazi Mkunguni, mwaka wa kumi na mbili huu. Huenda siku hiyo nilikuwepo pia, kwa hiyo sitajifanya malaika.

Nikueleze yanavyokwenda. Boti kwa kawaida si ya nahodha, ina mwenyewe. Pesa uliyotoa wewe ina fungu la aliyekuuzia safari mjini, la dereva, la papasi, la mwenye boti, kisha mafuta. Ikimfikia nahodha na baharia wake imeshakuwa mchuzi wa kuchovya tu. Kitoweo chenyewe ni bakhshishi, na bakhshishi inatoka kwa mgeni aliyepata video yake yuko majini na pomboo. Nikimrudisha pwani hajalowa atamlalamikia aliyemleta, na kesho huyo aliyemleta ananipita kama hanijui. Hapo hujaona mtu mwenye roho mbaya hata mmoja, lakini boti kumi na saba umeziona.

La pili, saa. Gari za mjini, za Nungwi, za Paje, zote zinamwaga watu hapa kati ya saa moja na saa mbili na nusu. Bahari asubuhi ni shwari, hilo kweli, lakini saa nne na nusu pwani inabaki na paka na wachota mwani. Pomboo hawajaenda popote. Hawa wanakaa hapahapa, si wapita njia.

Mie sasa hivi nachukua watu sita. Familia moja wakiwa wanane sitawagawa. Ama natoka alfajiri kabla ya gari, ama nasubiri wa saa mbili warudi. Nikiwaona pomboo kwa mbali napunguza mwendo tangu huko, siji nao kwa kasi halafu nikafunga breki mbele yao, bahari haina breki. Nawaingilia ubavuni, niende sambamba nao, mwendo wangu usizidi wa yule wa nyuma kabisa. Siwakati njia mbele na siwasukumi kwa nyuma. Nikifika umbali wa kama mita hamsini naweka nyutro. Sizimi papo hapo, maana mashine ikigoma kuwaka na mkondo unakupeleka mwambani, utawaangukia haohao uliokuwa unawaheshimu.

Halafu nakaa. Wageni wengi dakika ya kwanza wananitazama kama nimewaibia. Dakika ya tano pomboo mmoja kaja kupita chini ya boti, kalala ubavu, jicho lake moja linakutazama wewe. Hapo hakuna tena anayeuliza kwa nini hatukimbizi.

Wasipokuja, hawakuja. Nina namna ya kujua wamechoka: wanakaza mbio kwenda upande mmoja, wanazama muda mrefu kuliko kawaida, wanabanana na mtoto wanamweka kati, au mmoja anapiga maji kwa mkia, pwaa! Ukiona hivyo geuza omo ya boti uondoke, mwamba wa matumbawe upo, chai ipo.

Za kumjua nahodha kabla hujalipa nitarudi kuandika, naitwa msikitini.

#5 Fundi_Mashine

Nahodha nakukubali, ila nina swali la hesabu. Watu kumi na wanane ukiwagawa sita sita ni boti tatu, mashine tatu, rafadha tatu. Ukiwaweka wote boti moja kubwa ni mashine moja. Sasa hiki kikundi kidogo kinamsaidia pomboo au kinamsaidia mgeni tu asikanyagwe mguu?

#6 Pezi

Fundi umegusa penyewe. Nimesoma sayansi ya bahari na nimekaa Kizimkazi miezi kadhaa na daftari na darubini, acha nichangie.

Kwa pomboo, idadi ya vichwa ndani ya boti haina maana kubwa. Kinachomsumbua ni boti ngapi ziko naye kwa wakati mmoja, zinakwendaje, na zinakaa muda gani. Kanuni nyingi duniani zinagota hapohapo: boti moja, mbili, tatu kwa mwisho, nyingine zisubiri mbali zamu yao, na kila moja isikae zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo ndiyo, sita sita bila zamu ni fujo ileile kwa bei ya juu.

Faida ya watu wachache iko kwingine. Nahodha mwenye wageni sita anawasikia na wao wanamsikia, anaweza kuwaambia "leo hatuogelei" na wakaelewa kwa nini. Mwenye ishirini anaendeshwa na wale watatu wenye sauti kubwa.

Kuhusu Kizimkazi hasa, haya hayakuanza kusemwa jana. Utalii wa pomboo pale ulianza 1992. Kuna utafiti ulichapishwa 2007 ukiwatazama pomboo majike, na mwingine 2010 uliolinganisha tabia zao boti zikiwepo na zisipokuwepo. Boti za watalii zikiwa karibu, muda wa kula, wa kupumzika na wa kuchezacheza wao kwa wao unapungua, na muda wa kusafiri unaongezeka. Yaani mnyama anahama hama siku nzima badala ya kuishi. Pomboo halali kama sisi, anapumzisha nusu ya ubongo huku nusu nyingine inamkumbusha kupanda kuvuta pumzi. Ukimwamsha kila robo saa, mapumziko hayo hayakamiliki.

Na yule mdogo aliyebanana ubavuni: hafanyi hivyo kwa deko. Mwili wa mama unasukuma maji, na mtoto akikaa mahali pake anavutwa na mkondo ule bila kutumia nguvu nyingi. Kunyonya vilevile kunataka mama atulie kidogo. Mama akikatwa njia na boti, mtoto anaachwa nje ya mkondo, anaogelea kwa nguvu zake mwenyewe.

#7 Kipanga_Bububu

Haya maneno ya wazungu. Wazee wetu wameishi na pomboo tangu dunia ianze, hakuna aliyekuja na darubini. Leo mtu wa Kizimkazi kapata riziki, imeshakuwa tabu. Mbona 2006 pomboo walikufa Nungwi kama uchafu na hakukuwa na boti hata moja ya mtalii?

#8 Nahodha_Mkunguni

Kipanga ndugu yangu, wazee wetu waliishi nao kwa chusa, mkuki wa kuvulia. Tusidanganyane humu. Babu yangu mzaa mama alikuwa anawavua. Nyama nyingine ililiwa, nyingi ilikuwa chambo cha papa. Pomboo ana mafuta, papa anamnusa toka mbali. Marehemu akituhadithia alikuwa anasema pomboo akichomwa wenziwe hawakimbii, wanarudi kumzunguka, ndiyo maana ukipata mmoja unapata na wa pili. Akifika hapo ananyamaza, anaomba maji. Kijana mimi nilidhani ni kiu.

Waliacha watu walipoona pomboo hai analipa kila siku na aliyekufa analipa mara moja. Hakuna mzungu aliyewashika mkono.

#9 Pezi

Uvuvi huo ulikoma 1996, miaka minne baada ya watalii wa kwanza. Mwaka uliofuata, 1997, ndipo Ghuba ya Menai ikawa eneo la hifadhi, kama kilomita za mraba 470, na Kizimkazi imo ndani yake.

Kipanga, la Nungwi uko sahihi. Mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo kama 400 walikwama na kufa kwenye maji mafupi kaskazini ya Unguja, na boti za kitalii hazikuhusika. Nikuongezee hoja nyingine ya upande wako: anayewaua pomboo wengi Zanzibar ni nyavu. Jarife za kuelea na nyavu za kutega chini, pomboo ananasa usiku, anakosa pumzi. Mvuvi mwenyewe hakumtaka, kamharibia wavu.

Lakini hebu ipige hesabu. Hesabu iliyofanywa kati ya 1999 na 2002 eneo la Kizimkazi haikufikisha pomboo 200 wa ile aina tunayoizoea, na wale wenye nundu mgongoni walikuwa kama sitini hivi. Jike anabeba mimba mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, anamnyonyesha miaka. Kundi dogo hivyo likishachukuliwa na nyavu kila mwaka, halina akiba ya kuhimili na boti juu yake. Hao wenye nundu ndio wananitia wasiwasi zaidi, wamo kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka duniani, na wanakaa karibu na nchi kavu, maji mafupi, palepale boti zinapopita.

#10 Kipanga_Bububu

Sawa, la chusa nilikuwa silijui. Ila bado sipendi mtu wa Leeds kuwa ndiye wa kwanza kuona aibu.

#11 MamaZuhura

Kipanga, wa kwanza kuona alikuwa Zuhura. Wa Tabata, Dar, huyo.

#12 Mtu_wa_Gazi

Jamani salamu kutoka Kwale, Kenya. Huku kwetu Shimoni na Wasini tumepitia hayohayo. Kisite ni hifadhi ya baharini, inasimamiwa na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, unalipa kiingilio kabla hujaondoka na kuna askari wa hifadhi wenye boti yao. Hilo linasaidia, siwezi kusema limemaliza. Siku hakuna boti ya doria manahodha wengine wanasahau masomo yote.

Kilichotusaidia zaidi ni jahazi. Safari nyingi huku ni siku nzima: mnatoka Shimoni, mkiona pomboo njiani mnasimama, msipowaona mnaenda kuogelea mwambani Kisite, halafu mnakula kaa na wali Wasini. Mgeni halipii pomboo, analipia siku. Nahodha hana presha. Nyinyi Kizimkazi mmeuza kitu kimoja tu kinachokwenda kwa saa mbili, lazima mkimbize.

Na kama mtoto anataka kitu cha kumkaa maisha yote, mlete mwezi wa nane aone nyangumi. Kule Watamu, kaskazini ya Mombasa, boti zinatoka kila siku bahari ikiruhusu.

#13 Chalii_wa_Njiro

Nyangumi si wako Mafia? Jamaa yangu kaogelea nao, akasema wana madoa meupe mgongoni.

#14 Nahodha_Mkunguni

Chalii, huyo ni potwe. Papa potwe ni samaki, anavuta pumzi kwa mashavu, hana haja ya kuja juu. Wa Mafia wanaonekana zaidi Kilindoni, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, kaskazi hiyo. Nyangumi ni mnyama kama pomboo na anakuja na kusi, msimu mwingine kabisa. Ukubwa tu ndio unaowachanganya watu.

#15 Chalii_wa_Njiro

Kumbe nimemsifia mtu kwa kuogelea na samaki.

#16 Mtu_wa_Gazi

😂😂 Kwetu tunamwita papa shilingi kwa hayo madoa.

Nirudi kwa nyangumi. Hawa wenye nundu wanatoka kule Antaktika wanakojilisha, wanapanda pwani yetu kuzaa na kupandana, kuanzia Julai hadi Oktoba hivi. Mtu mzima anafika mita 14 na zaidi, tani 30. Mtoto anazaliwa na mita nne na ushee, urefu wa mtumbwi wa watu watatu. Huku kwenye maji ya joto mama kwa kawaida hali. Ananyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na mafuta hayohayo ndiyo ya kumrudisha kusini. Kila unapomkimbiza, unamchomea akiba ambayo hana duka la kuijaza mpaka afike barafuni. Ndiyo maana kwa nyangumi umbali ni mara mbili, mita 100 na zaidi, na mama mwenye mtoto unamwachia hata zaidi ya hapo. Na kuogelea naye, hapana. Mkia ule hauna nia mbaya ila wewe huna mifupa ya kuupokea.

#17 MamaZuhura

Nahodha, na Kizimkazi nyangumi wanapita?

#18 Nahodha_Mkunguni

Wanapita. Kusi likilegea kidogo, mwezi wa nane, wa tisa, unawaona nje kule. Si wa kuahidiana lakini.

Mwaka juzi nilikuwa na wageni watano, mama mmoja mtu mzima na wanawe. Tulikuwa tumeshawaacha pomboo, mashine nimezima, nanga iko chini, wanakunywa chai. Bahari imelala kama mafuta. Tukasikia pumzi. Siyo kuona, kusikia. Kama mtu kafungua mpira wa lori kwa mara moja, nyuma yetu. Kugeuka, mvuke umesimama hewani unashuka taratibu, na mgongo mweusi unazunguka kama gurudumu, hauishi. Kando yake mgongo mdogo. Mtoto pumzi yake fupi, puh, kama anajifunza.

Harufu ikatufikia baadaye, nzito, ya pwani iliyokupwa na mwani umeoza. Yule mama akajifunika pua na kanga, anacheka na machozi yanamtoka. Sikugusa mashine. Walikuwa kama mita mia na hamsini, wakapita kwa mwendo wao wakielekea kusini. Baharia wangu, kijana mbishi asiyenyamaza, alishika kikombe mpaka chai ikapoa.

Siku hiyo hakuna aliyelowa hata unyayo. Bakhshishi niliyopata sijawahi kuipata kabla wala baada. Siwaambii ili mje na noti, nasema kwa sababu mwenye boti wangu tangu siku hiyo kaacha kuniuliza "mbona hawajaogelea".

#19 Binti_Ruwi

Nawasoma kutoka Muscat, nimezaliwa Malindi ya Unguja. Huku pia tunatoka baharini Ijumaa asubuhi kuona pomboo, wale wembamba wanaoruka wakijizungusha hewani, mamia kwa mara moja. Kuna boti zinazojua adabu na kuna zinazopiga duara katikati ya kundi ili waruke zaidi kwa ajili ya kamera.

Niongeze moja kwa Mtu wa Gazi: nyangumi wenye nundu wa bahari ya Oman hawahami kwenda Antaktika kama wenu. Wanakaa Bahari ya Arabuni mwaka mzima, wanakula na kuzaa hukuhuku, na wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Mjomba wangu alikuwa akivua pande za Masirah, kisiwa cha huku Oman, anasema akiwaona anawasalimu kama majirani. Tangu nijue hesabu yao sicheki tena.

#20 Fundi_Mashine

Mimi ningesema jambo moja tu lipigwe marufuku: kuingia majini nao. Boti zibaki. Mkimbizano wote chanzo chake ni ile "ruka, ruka". Bila kuruka hakuna haja ya kuwakata njia mbele.

#21 Pezi

Kuna waliofanya hivyo. New Zealand walikataza kuogelea na pomboo Bay of Islands mwaka 2019. Hawaii mwaka 2021 sheria ilikuja kwamba usiwasogelee wale wanaojizungusha chini ya yadi 50, iwe kwa boti au kwa kuogelea. Na Shark Bay kule Australia, watafiti walipoonyesha kwamba pomboo wamepungua pale palipoongezwa mfanyabiashara wa pili wa boti za kuwatazama, leseni zilirudishwa kutoka mbili kuwa moja. Mbili kuwa moja, jamani! Kizimkazi ile ingekuwa hadithi.

#22 Nahodha_Mkunguni

Fundi, moyoni nakuunga mkono, mfukoni naogopa. Mie nikisimama pembeni kusubiri zamu, nafasi yangu inaingiwa na mwenzangu kabla sijaweka nyutro. Nimesimama mara ngapi nikatazamwa na wageni wangu huku boti nyingine inafanya yote niliyowaambia mabaya, na inashangiliwa. Ukifunga kuogelea kwa karatasi tu, watakaotii ni sie wachache, na sie ndio tutakaokosa wageni. Ikifungwa kwa wote, siku moja, na aangaliwe atakayevunja, nitapiga saini ya kwanza. Miongozo tunayo, semina tumekaa, soda tumekunywa. Anayekwenda baharini saa moja asubuhi kuhesabu boti ndiye hatumuoni.

Bi mkubwa, deni langu la jinsi ya kumjua nahodha:

Muulize, "Mkikuta boti nyingi mnafanyaje?" Akijibu "hakuna wasiwasi, tutapita katikati", umeshamjua. Akikuahidi pomboo asilimia mia, muage. Omba kuona jaketi kabla ya kutoa pesa, na la mtoto liwe la mtoto. Asiyejali jaketi la mwanao hatajali mtoto wa pomboo. Mkubaliane idadi ya watu na iwe hivyohivyo, maana unaweza kuambiwa sita, mkifika majini wanapakiwa wawili "wa njiani". Na umwambie wewe mwenyewe mapema, kabla ya kupanda: sisi hatutaki kukimbiza, na bakhshishi yako ipo hata tusipowaona. Neno hilo moja linamfungua nahodha mikono. Wengi wetu tunalisubiri.

Kusi likikaza, mtu mkweli atakwambia leo haiendeki. Usimbembeleze.

#23 Kipanga_Bububu

Hilo la bakhshishi mapema ni akili. Nimelichukua.

#24 MamaZuhura

Wadau, narudi na mrejesho, wiki tano baadaye. Samahani ni mrefu.

Tulikwenda tena, safari hii mimi, mume wangu na watoto. Nahodha alitwambia tusije alfajiri. Tulifika saa tatu, akatupeleka kwanza Dimbani kuuona ule msikiti wa kale. Kibla yake ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, 1107 kwa hesabu nyingine. Mume wangu ambaye hakutaka kuja akakaa pale nusu saa anauliza maswali. Tukashuka pwani saa nne na nusu, maji yanajaa. Boti zinarudi, watu wamelowa, sisi ndo tunaondoka. Tulikuwa sita, ukihesabu na jozi moja ya wazee Wajerumani.

Tulitafuta karibu saa nzima. Hakupigia mtu simu. Alikuwa anatazama ndege. Tukawaona wanne, boti nyingine moja iko nao. Akasimama mbali kweli, mpaka Zuhura akalalamika, akamwambia "subiri bibi, wenye zamu wamalize". Ile boti ikaondoka. Tukasogea kwa ubavu, taratibu kama tunaingia nyumba ya watu wamelala. Mashine nyutro.

Hawakuja chini ya boti. Hakuna aliyenitazama kwa jicho moja, nahodha hapo ulinipa matumaini makubwa. Walikuwa kama mita arobaini, wanapanda, wanashuka, pumzi zinasikika moja moja. Mmoja alikuwa na pezi lililokatika ncha. Dakika kumi na tano hivi, wakaenda zao. Mzee wa Kijerumani akasema kitu, mkewe akamshika mkono, basi.

Njiani Zuhura anasema, "Leo hawakuwa na haraka."

Nahodha, jaketi lake lile jekundu kagoma kulivua, tumefika nalo mpaka bandarini mjini ndo nagundua. Nimelifua. Nalituma kwa gari gani?

#25 Nahodha_Mkunguni

Gari la Kizimkazi linalopakia huko mjini, mpe kondakta, mwambie la Mkunguni la mwenye boti ya kijani. Litafika. Usilipe, nitamalizana naye mie. Na zipu yake ilikuwa mbovu, usidhani ni nyie.